Naipenda Ndege Iliyoniachia Ujane

Mpendwa mshauri, naomba msaada, lakini nakuonya mapema kwamba sitaki kuambiwa niombe radhi, kwa sababu wiki sita sasa kila mtu nyumbani kwetu ananiambia niombe radhi na sijaona ni kwa kosa gani. Naitwa Honorata, usilifiche jina langu wala usiweke herufi moja na nukta, nina miaka sitini na moja, nimestaafu mwaka jana kutoka dirisha la stempu pale posta, na naishi na mama mkwe wangu, Mama Apolonia, ambaye ana miaka themanini na saba na bado anakanda unga wa tambi kwa mikono yake mwenyewe. Mume wangu Zenon alikuwa rubani wa jeshi. Alikuwa akirusha Lim, zile ndege za kivita za zamani zenye mdomo wazi mbele kama samaki anayetafuta hewa, na Oktoba ya mwaka 1988 injini ilimzimikia katikati ya ukungu akaanguka kwenye shamba la kabichi, mimi nikiwa na miaka ishirini na minne na binti yetu Kinga akiwa na mitatu, na tangu siku ile neno ndege halitamkwi katika nyumba ya Mama Apolonia, picha zote za Zenon akiwa na sare zilifungiwa sandukuni, hata Kinga alipoleta ndege ya karatasi kutoka chekechea ilitiwa ndani ya jiko la makaa.

Nilitii. Zaidi ya miaka thelathini, kikipita kitu angani, mimi naangalia viatu vyangu.

Sasa miaka minne iliyopita basi la parokia lililokuwa linatupeleka hija liliharibika karibu na kiwanja cha ndege, na siku ile kulikuwa na maonyesho, dereva akasema tusubiri kwa muda wa saa mbili, wenzangu wakaanza rozari, na mimi nikasikia sauti ile ya Lim, kwanza inanguruma chini kwa chini, halafu inapanda na kuwa mluzi unaoingia kwenye meno, na kabla sijajua ninafanya nini nimeshavuka mtaro na viatu vya kanisani na ninakata shamba la watu. Nilikuwa nimejiandaa kuichukia, mshauri. Nilidhani nitaanguka au nitatapika. Ilipita juu ya kichwa changu imelalia ubavu, jua liko tumboni mwake, na nilipojishika uso nikakuta ninacheka.

Pale kwenye kamba palikuwa na fundi mmoja, Bwana Gerwazy, mzee wa masharubu, aliyeifufua ndege hiyo akishirikiana na wenzake wawili kwa miaka kumi na moja. Ilipokuwa inaandaliwa kuruka mara ya pili nikasogea mno, akanifokea, "Mama, rudi nyuma ya kamba, hicho si cherehani." Nikamwambia, maana mke wa rubani hujifunza mengi mezani, "Kabla hujanifundisha, nenda kwenye bawa, kavue kile kifuko chekundu kwenye mrija, la sivyo rubani wako hatajua anakwenda kasi gani." Akageuka. Kifuko kilikuwa bado kipo. Akakivua, akarudi, akainua kamba, nikapita chini yake.

Tangu hapo kila kiangazi nakwenda. Nina kiti changu cha kukunja, nina pamba za masikio ambazo sizitumii, nawajua wapiga picha wote na wao wananiita Shangazi. Nyumbani nilikuwa nasema nakwenda msituni kuchuma uyoga, na wakati wa kurudi nilinunua kikapu kwa akina mama wanaouza kando ya barabara, na Mama Apolonia alikuwa akiutia kwenye siki na kunisifu kwa kujua kuchagua.

Na hapa ndipo ninapotaka uniamini, kwa sababu hata padri sijamwambia. Watu wakijua habari zangu wanadhani nakwenda kumlilia Zenon. Siendi kumlilia. Mara nyingi simfikirii kabisa. Nafikiria ndege. Napenda harufu ya mafuta, napenda nyasi zinavyolala chini wakati inawashwa, napenda kwamba ilitengenezwa kabla mimi sijazaliwa na bado inapanda kwa hasira kama kitu ambacho hakijaambiwa umri wake. Zenon aliipenda akafa nayo, na mimi naipenda kivyangu, na nikiwa pale mimi si mjane wa mtu, mimi ni mtu anayetazama juu.

Mwezi wa Juni walinipandisha kwenye kiti cha rubani, wakanivika kofia, mpiga picha wa gazeti la mkoa akanipiga, na picha ikatoka. Jumapili Mama Apolonia alisubiri mpaka nimemaliza kugawa supu, akaliweka gazeti kando ya sahani yangu.

"Uyoga wa mwaka huu mkubwa," akasema. "Umeota mabawa."

Nikasema, "Mama, ngoja nikueleze."

"Unieleze nini? Umekwenda kukaa ndani ya jeneza la mwanangu, na umekenua meno."

Kinga alikuwepo, amekuja na mumewe. Akasema, "Mama, kwa umri wako huu kweli? Wenzako wanafuma soksi, wewe umepanda kombora."

"Si kombora, ni Lim," nikasema, na hilo ndilo lililoharibu kila kitu, kwa sababu Kinga aliweka kijiko chini akaniambia nichague, wao au hicho chuma. Na Mama Apolonia akasema maneno ambayo nayanukuu kama yalivyo. Pale makaburini jina langu limeshachongwa chini ya jina la Zenon, pamoja na mwaka wa kuzaliwa na kistari, kama walivyofanya wajane wote wa rika langu, limebaki kungoja mwaka wa mwisho. Akasema, "Ukikanyaga tena kiwanja kile, namwita fundi wa mawe alizibe jina lako. Waombe hao wapenda vyuma wakuzike chini ya bawa."

Niliosha vyombo.

Wasilolijua ni kwamba Bwana Gerwazy na wenzake wanataka mwezi wa Agosti kuandika jina la Zenon ubavuni mwa ndege, chini ya dirisha la rubani, na wanangoja kauli yangu tu. Basi nakuuliza mambo mawili: niende Agosti au nisiende, na jina liandikwe au lisiandikwe. La kwanza nimeshaliamua, nitakwenda. Nataka tu kuona kama utathubutu kunikataza.

Honorata, mwenye kiti cha kukunja

BI TEODORA ANAJIBU

Sithubutu, Honorata, na hata ningethubutu nisingekukataza. Hujavunja nyumba ya mtu. Hujamwacha mgonjwa kitandani. Umekaa kwenye kiti cha kukunja ukatazama juu. Mwanamke aliyeinamisha shingo miaka thelathini kwa heshima ya msiba wa wenziwe amelipa heshima hiyo vya kutosha, na anayekudai zaidi anakudai uhai wako. Nenda Agosti. Kaa mbele.

Sasa nikukaripie, maana unastahili.

Wewe ambaye ulimwelekeza fundi mwenye masharubu mbele ya umati, ukiwa na mama mkwe wako mezani unakuwa bubu. Miaka minne umemlisha uongo ndani ya siki, naye akakusifu. Halafu akaujua ukweli kutoka gazetini, na nina hakika jirani zake walilisoma kabla yake. Unadhani kilichomkata ni ndege? Ndege, ndiyo. Lakini pia ni kugundua kwamba kila kikapu alichokisifu kilikuwa cha kumpumbaza jikoni kwake mwenyewe. Kwa hilo utaomba radhi, utake usitake, na utaomba kwa ajili ya uyoga peke yake. Ukiteleza ukaomba radhi kwa ajili ya ndege, nitajua, na nitakuandika tena hapa.

Kuhusu jina, jibu langu hutalipenda. Lisiandikwe. Umeniambia wewe mwenyewe kwamba pale kiwanjani hutaki kuwa mjane wa mtu. Siku watakapoliandika, kipaza sauti kitalitangaza kila kiangazi, watu watageuka kukutazama, na itabidi uvae sura ya huzuni mbele ya kitu kinachokufurahisha. Utakuwa umejijengea makaburi mengine, yenye magurudumu. Tena jina hilo alipewa na mama yake, na mama yake yu hai, anakanda unga, na hakuna aliyemuuliza. Muulize mara moja. Akikataa, imekwisha, wala usimpigie magoti.

Kinga mwambie kwamba ana miaka arobaini na hana mamlaka ya kumpa mama yake amri kwenye supu. Halafu mkumbuke: huyo binti hajapata kitu chochote cha baba yake zaidi ya sanduku lililofungwa na karatasi iliyochomwa. Hasira yake ina njaa ndani yake.

La jiwe usilichukulie kama mzaha. Mtu aliyeumia husema jambo, na asubuhi akaona aibu kutolitimiza. Jiandae kwamba atalitimiza. Ukiweza kwenda kiwanjani hali ukijua gharama yake, nenda. Ukiona huwezi, rudi kwenye viatu vyako, lakini usimlaumu mtu.

Ufanye hivi. Subiri siku ya kazi, mchana, mkiwa wawili tu. Keti, usisimame. Sema: "Mama, Jumamosi nakwenda kutazama ndege, nitarudi saa moja jioni." Sentensi moja, isiyo na neno "kwa sababu" ndani yake. Ukianza kueleza umeshindwa.

Wasomaji wangu, majibu hayo nilimtumia Honorata kwa posta mwezi Julai, kwa kuwa maonyesho yasingelisubiri gazeti. Wiki hii amenijibu, na ameniruhusu niwaeleze yaliyotokea.

Aliomba radhi kwa ajili ya uyoga. Mama Apolonia aliendelea kukanda unga. Alimuuliza kuhusu jina, na mzee akajibu, "Hapana. Waandike majina ya mama zao," na Honorata akampigia Bwana Gerwazy simu hapohapo, mbele ya mkwewe, kumwambia waache. Halafu akasema ile sentensi yake moja. Ijumaa fundi wa mawe alikwenda makaburini akalijaza saruji jina la Honorata, mwaka na kistari. Jumamosi asubuhi Honorata alipita pale, akalitazama, akambadilishia Zenon maji ya maua, akapanda basi la kwenda kiwanjani.

Saa nane mchana Kinga alifika na gari, uso umemvimba kwa hasira, akapenya katikati ya watu mpaka kwenye kile kiti.

"Inuka, tunaondoka," akasema. "Bibi hajala tangu jana."

"Bibi yako huwa hali chakula akikasirika, na akishalala usingizi wa mchana atakula. Kaa kwenye nyasi au simama, lakini usinizibe."

Wakati huo ikawashwa. Honorata anaandika kwamba binti yake aliziba masikio kwa mikono miwili, kisha akautoa mkono mmoja. Ndege ikaruka, ikazunguka juu ya misonobari, ikarudi chini kabisa, na Kinga akaifuata kwa macho mpaka ikapotea.

"Baba alikuwa anapandia upande gani?" akauliza.

"Kushoto. Mguu wa kulia kwanza."

Kinga akaketi kwenye nyasi. Walirudi nyumbani saa moja kama ilivyosemwa. Mama Apolonia alikuwa amekula. Mpaka leo anazungumza na Honorata kuhusu chumvi na dawa tu.

Honorata, kuhusu hiyo saruji, imeniuma, nisikufiche. Iache ilivyo. Usigombane na mwanamke wa miaka themanini na saba juu ya mahali utakapolala ukiwa umekufa. Mpikie, mpe dawa zake kwa wakati, na usimbembeleze akusamehe jambo ambalo si kosa. Kinga akitaka kuona picha za sandukuni, mfungulie bila kuomba idhini ya mtu. Yule ni baba yake. Na mwakani usiniandikie kuniuliza kama uende. Kata tiketi mbili, na kiti cha pili kinunue mapema, maana binti yako hawezi kukaa kwenye nyasi mchana kutwa.