Hajala, Amekunywa Tu

Jumatano, mwezi wa nane. Upepo wa Dodoma leo umetujaza vumbi mpaka kwenye meno, nami nimekaa hapa kwenye kompyuta za kukodi mjini, sina raha kabisa.

Mama amerudishiwa dripu.

Alikuwa anaendelea vizuri. Wiki iliyopita tulimtoa kijijini Kibakwe na kumleta hospitali hapa mjini, akiwa amejikunja kwa maumivu ya tumbo. Daktari akasema kongosho limevimba, asile kitu mpaka litulie. Nikamwambia daktari aniachie mimi nimweleze. Si nafundisha baiolojia?

Nikamweleza kwa mbwembwe zote. Kwamba seli za kongosho huunda vimeng'enya, yaani protini za kumeng'enya chakula, na hazifanyi kazi kwa kasi moja. Chakula kikifika utumboni zinapata habari, zinaongeza uundaji. Tumbo likiwa tupu zinapunguza. Na kongosho likivimba, vimeng'enya vinaamkia humo humo ndani na kuanza kulimeng'enya lenyewe. Kwa hiyo usile kitu, mama. Akaitikia, "Nimesikia, mwanangu."

Leo mchana nimemkuta analia kwa maumivu. Kando ya kitanda kulikuwa na chupa ya chai ya shangazi, aliyekuja asubuhi kutoka mtaa wa Chang'ombe, hapa hapa Dodoma, na ndani yake uji wa uwele uliotiwa karanga na maziwa. Nikampandishia mama sauti mbele ya wodi nzima: si nilikukataza kula?

"Sijala," akasema. "Nimekunywa tu."

Na ni kweli. Kwetu uji haujawahi kuwa chakula. Mtu atakunywa bakuli zima asubuhi, mchana akuambie hajala tangu jana. Hata mimi nasema hivyo, tena kwenye chumba cha walimu. Nilimfundisha habari za seli, nikasahau neno moja la nyumbani. Seli zenyewe hazijui kula wala kunywa. Mafuta na protini vimefika, zikaanza kuunda.

Najuta kukosea. Najuta zaidi kumfokea.

Daktari anasema tusubiri, huenda akatulia. Nimemwomba mama radhi, nikamwambia tena taratibu: usile, usinywe, kisipite kitu chochote kooni. Akaitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiita, kwa sauti ya mtu anayeogopa kugombezwa.

"Mwanangu, na mate je? Nimeze?"