Baba, Haikuwa Nambari

Baba yangu,

Mke Mwenza ameamka! Nimeanza na hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: ningetanguliza salamu ungenikata kauli uniulize, "Gari vipi?" Gari zima, Baba. Jumamosi iliyopita limetoka kwenye banda lako la Thornton Heath bila ya kusukumwa wala kuvutwa, na aliyeshika usukani ni mimi.

Jina hilo alilitoa Mama, unakumbuka? Siku ile ulilileta juu ya lori kutoka Woolwich, gari la Kimarekani refu hata mlango wa banda ukakataa kufunga, mapezi mawili nyuma kama ya samaki, kutu kila pahala, na panya wamezaa kwenye siti. Mama alisimama mlangoni, kanga juu ya sweta, akasema, "Jamani, nimeletewa mke mwenza, tena kizee." Ulicheka mpaka ukashika ukuta. Kule Unguja ulikuwa dereva wa tajiri mwenye gari la namna ile ile. Baada ya Mapinduzi tajiri akaenda zake, gari sijui lilikwenda wapi, na wewe ukaishia London kutengeneza mabasi ya watu. "Lile nilikuwa nalipangusa tu," ukipenda kusema. "Hili langu."

Nilikuwa na miaka tisa. Tulilipamba miaka minane, kila Jumapili, wewe chini ya gari na mimi nakupasia spana. Kuna fundi na fundi, na wewe ulikuwa na namna yako: "Kidole kwanza, spana baadaye." Nati lazima iingie kwa kidole mpaka ishike yenyewe, ndipo spana ije kuikaza. "Nati ikikataa kidole ina sababu yake, Salma. Iulize, usiilazimishe." Mama akilalamika kwamba nimejua bisibisi kabla ya kujua kusuka ukili, ukimjibu kwamba ukili hauendi mahali. Na kila kazi ikimalizika ulikitoa kipande cha penseli sikioni ukaandika kwenye daftari lako la gari, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kama ulivyofundishwa chuo cha Kurani utotoni.

Usukani wa Mke Mwenza uko kushoto, na nchi hii watu wanaendesha kushoto, kwa hivyo ukitaka kulipita gari lililo mbele huoni kitu. Basi nilikaa kiti cha kulia, nikawa jicho lako. Ulikuwa ukiuliza, "Vipi?" nami nikijibu "Bado" au "Haya". Bado, unangoja. Haya, unapita. Hukuwahi kuniuliza mara mbili. Mtoto wa miaka kumi akiaminiwa hivyo, tena na mtu kama wewe uliyekuwa huamini hata kipima joto, hawezi kusahau.

Idi Mosi ile nilikuwa na miaka kumi na saba. Tunakwenda Woolwich kula Idi, Mama nyuma na mdogo wangu Nassor, mimi nimepakata bakuli la visheti. Mbele yetu basi. Ukauliza, "Vipi?" Wakati ule ule Nassor akanigonga begani, "Dada, nipe kisheti." Nikamjibu yeye, "Haya."

Nawe ukapita.

Lori lililokuja mbele lilituparura ubavu mzima. Mlango wangu ukaingia ndani, taa ikavunjika, pezi moja likaning'inia, na visheti vya Mama vikatapakaa barabarani. Alhamdulillahi hakuna aliyeumia. Ulishuka, ukautazama ule mlango kwa muda mrefu, kisha ukanitazama mimi. Ukasema neno moja tu: "Basi."

Gari likavutwa likarudi bandani, ukalipiga kufuli. Ufunguo ukautundika kwenye msumari ukumbini, pale pale nilipokuwa nikitundika koti langu, na hukuligusa gari tena mpaka umekufa. Kila nikivaa koti ufunguo ulinigusa mkono, nikaona unanisuta. Neno "haya" likanitia haya ya kweli. Na wewe hukunikunjia uso hata siku moja! Nilipokwenda kusomea uuguzi na kuhamia bweni la Lewisham, ulinipigia simu kila jioni kuuliza kama nimekula. Lakini gari hukulitaja, nami sikulitaja, nikaamini umeniwekea kinyongo moyoni. Hata siku zako za mwisho nilikaa kando ya kitanda chako, nesi mzima niliyezoea kuwauliza wageni maswali mazito, nikashindwa kukuuliza moja: Baba, uko radhi nami?

Baada ya arubaini Nassor alilifungua daftari lako. Sote wawili tulisoma madrasa, lakini maandishi yako ya haraka, bila ya irabu, yalinishinda kabisa, na yeye aliyadonoadonoa. Ukurasa wa mwisho akasoma, "Namba. Salma." Chini yake tarakimu saba. Simu za London zamani zilikuwa na tarakimu saba, tukasema hiyo ni simu ya bwenini Lewisham. Nikalifunga daftari.

Nassor alisema spana nazijua mimi, basi gari nilitengeneze mimi. Miaka kumi na moja, Baba. Kutu nimeipiga msasa mpaka kucha zangu zikawa rangi ya chai. Paipu za breki mpya, mlango umenyooshwa, pezi limerudi mahali pake. Kila nati niliingiza kwa kidole kwanza, na kila nati niliona kama naiba.

Mwaka huu tukaambiwa banda tunalolikodi linatakiwa na mwenyewe. Nassor akapata mtu wa kulinunua gari, nami nikakubali. Ningekataa vipi na mali si yangu, nawe hukuacha neno. Kusema kweli nilitaka kupumzika. Kilichobaki ni injini tu: ilikuwa ikiwaka inakohoa, inapiga teke, inazima. Nilikuwa nimezichomoa waya za plagi zote nane bila ya kuzitia alama, kosa la mwanafunzi, ungenipiga kofi la kisogo. Mpangilio wake ulikuwa ndani ya daftari lako, na Nassor pale hakuweza kusoma kitu. Nikalichukua daftari nikalipeleka Woolwich kwa Bi Time, yule mliyesoma naye chuo kimoja Unguja.

Bi Time hajapata kuendesha hata baiskeli. Alivaa miwani, akasoma kama anasoma mapishi.

"Waya wa mwanzo, halafu wa nane, halafu wa nne… Mwanangu, hii nayo inatiwa nazi?"

Nikaandika huku nacheka. Akafunua, akafunua, mpaka ukurasa wa mwisho.

"Na hili mumelisoma?"

"Tumelisoma, Bi Time. Namba ya simu."

"Namba?" Akanitazama juu ya miwani. "Babaako mtoto wa Unguja, yeye akisema nambari. Hiyo namba mumeipata wapi, kwa hao wenzenu wa bara huko kazini?"

Ni kweli. Waswahili wote wodini tunasema namba.

"Sisi chuoni p na b tukiandika herufi moja," akasema. "Hapa pana p. *Nampa.* Kaandika, *Nampa Salma.*"

Akaweka kidole kwenye zile tarakimu.

"Wala hii si simu. Mbili, kumi, kisha mwaka. Mwezi wa kumi wa Kiislamu si ndo Mfunguo Mosi? Idi Pili hii." Akanisomea mwaka wenyewe, akahesabu kwa vidole mpaka tukaufikia.

Idi Pili ya mwaka ule, Baba. Siku moja tu baada ya visheti kumwagika.

Nilikwenda msalani kwa Bi Time, nikafungulia bomba ili asinisikie, nikalia. Alinisikia, akapiga kelele kutoka sebuleni kwamba maji ya Woolwich si ya bure. Nilicheka na kulia kwa pamoja. Sijui nikuelezeje raha niliyoipata. Labda hivi: zamu ya saa kumi na mbili mfululizo imekwisha, nimerudi nyumbani, nimevua viatu vilivyokuwa vikinibana. Ila zamu hii ilikuwa ya miaka arubaini na zaidi.

Kwenye basi la kurudi ndipo nilipoukumbuka ule msumari. Ufunguo uliutundika juu ya koti langu kwa sababu ulikuwa wangu. Ulikuwa ukiningoja niuchukue, na mimi nikikungoja uniite. Na lile "Basi" lako sasa naona hukuniambia mimi, ulijiambia mwenyewe kwa hofu. Ulikuwa umetoka kuutazama mlango ulioingia ndani, na nyuma ya mlango ule nilikaa mimi. Nimekukasirikia kidogo, nikwambie kweli. Neno moja la mdomo lingetosha! Lakini na mimi mdomo nilikuwa nao.

Nikampigia Nassor. Nikamweleza Bi Time alivyosoma.

"Dada, alosoma 'namba' ni miye."

"Ndiyo."

"Na visheti pia miye."

"Ndiyo, Nassor."

"Basi yule mnunuzi namwambia gari lina mwenyewe. Na banda tutatafuta jengine." Kisha, kwa sauti ya chini, "Miaka yote hii nilidhani kaninunia mimi." Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na mzigo wake, hatuambizani.

Jumamosi nilizipanga waya kama Bi Time alivyosoma mapishi yako. Bismillahi, nikazungusha ufunguo. Injini ikashika mara moja, ikanguruma sauti moja, haikukohoa hata kidogo. Nassor, mvi kichwa kizima, akaingia kiti cha kulia. Tulipofika barabara kuu, mbele yetu basi, kama kwamba lilitumwa.

"Vipi?" nikamuuliza.

"Bado."

Nikangoja.

"Bado… Haya."

"Haya ya kupita au haya ya kisheti?"

Alicheka akaegemea mlango ule ule, machozi yanamtoka, na alipojipangusa nafasi ilikuwa imekwisha kupotea. Tukajiburura nyuma ya basi kituo kizima, abiria wa nyuma wanatupungia mikono. Kisha akachungulia tena vizuri, akasema, "Pita, Dada." Nikapita.

Pumzika sasa, Baba, na Mama aliye nawe huko mwambie mke mwenzake hajambo. Daftari lako nimelikunjua kwenye ukurasa ule wa mwisho. Herufi zako bado zinanishinda, kwa hivyo nimetumia zangu. Chini ya maandishi yako, kwa penseli, nimeandika neno moja: Nimepokea.

Mwanao uliyempa,
Salma