Do Iliyobaki Bungoma

Jumapili, Julai 1994, Ziwani. Mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani. Baridi na manyunyu tangu asubuhi. Mabega bado yanauma kwa zege la juzi.

Nina wivu. Wacha niandike hivyo mwanzoni nisije nikajidanganya baadaye.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa nikitunga kipande cha kupigwa kanisani siku ya mavuno: filimbi mbili, tarumbeta mbili na marimba. Hakina maneno. Nakitunga kwenye mjengo ninakofanya kibarua, nikibeba karai, jioni nakiandika kwa do-re-mi, maana ndiyo niliyofundishwa kabla sijaacha shule darasa la sita. Marimba ni ya Mutiso, mchonga vinyago wa soko la Kariokor. Aliitengeneza mwenyewe, na akiipiga watu husahau kufunga midomo.

Leo tulikijaribu mara ya kwanza. Nikahesabu, wakaanza, na kelele iliyotoka ilimfukuza paka dirishani. Kila mtu alianzia do ya chombo chake, na do ya tarumbeta iko chini kuliko ya marimba. Katika kwaya ya kule kwetu Bungoma, mwalimu huguna do yake tu na sote humfuata. Koo hufuata. Chuma na mbao havifuati.

"Wafula," Mutiso akaniuliza, "do yako ilibaki Bungoma?"

Walicheka hadi mzee wa filimbi akafuta machozi. Nami nikacheka, kwa meno tu.

Halafu akafanya jambo baya zaidi: akawa mwema. Alisema kipande ni kizuri, na kwamba wapiga tarumbeta ni wanagenzi, tusiwasumbue. Yeye atazichonga mbao zake kwa chini mpaka sauti ishuke ilingane na yao.

"Lakini ujue, ndugu yangu, ubao ukishachongwa haurudi."

Ningeweza kuiandika upya sehemu ya tarumbeta. Nilijua hivyo. Nikamtazama alivyokuwa akiipangusa marimba yake kwa kiganja, nikasema, "Chonga."

Nilitaka tu naye apungukiwe na kitu.

Sasa nautafuta utamu wa neno lile, siuoni. Kesho kabla ya kazi nitapitia Kariokor nimshike mkono kabla haujashika patasi. Tarumbeta nitaziandika upya, na wapigaji nitawafundisha mwenyewe hata wakininunia.

Mama ananitarajia nyumbani Jumamosi ijayo, lakini mazoezi hayo yatanizuia. Atanisamehe. Nitarudi nyumbani Jumatatu baada ya mavuno, kipande kikishapigwa, na marimba ya Mutiso ikiwa nzima.