Maziwa Chini ya Mkuyu

Jumatano, jioni

Mikono bado inanuka maziwa. Mahindi yanakauka shambani, basi leo mama mkwe kanivuta hadi kwenye ule mkuyu ambapo wanawake humwomba Engai mweusi, mungu mama mwenye mvua.

"Yule Engai mwekundu, mwenye hasira, ndiye anatukausha," alisema. "Huyu ni mama, hawezi kutunyima."

Niliudhika. Mimi ni mzee wa kanisa! Nikamwambia nitasimama pembeni tu. Mwishowe nilimwaga maziwa, nikafunga nyasi kwenye mti, nikaomba kwa sauti kubwa kuliko wote.

Mchungaji akisikia...

Jumapili ni zamu yangu kuongoza maombi ya mvua kanisani. Sasa hivi mawingu yameufunika mlima wote. Isiponyesha, tumekwisha. Ikinyesha kabla ya Jumapili, nimekwisha mimi.