Fuga Isiyo na Kuku

Ijumaa. Temeke mvua tangu alfajiri, viatu vimelowa chapachapa, na mie nacheka peke yangu kama mwehu.

Shajara, kipindi changu kimepona!

Unakijua. Dakika tatu redioni kila asubuhi kabla ya taarifa ya habari ya saa nne, nawasimulia watu habari za watunzi wa zamani wa Ulaya, kisha nawapigia kipande cha muziki wao. Nakipenda kupita maelezo. Lakini Jumatatu Bi Tatu, meneja wetu, alinipasulia bila kupepesa macho: asipopiga simu msikilizaji hata mmoja hadi Ijumaa, dakika zangu anaupa muziki wa singeli. Jumanne kimya. Jumatano kimya. Jana aliyepiga alikuwa amekosea namba.

Leo zamu ilikuwa ya mpiga kinanda wa kanisani, Mjerumani, baba wa watoto ishirini. Nikatamka kwa madaha yote kwamba mzee huyu kwa fuga hana mpinzani.

Simu ikalia. Nusura niangushe maiki!

Mama mmoja, muuza kuku wa sokoni Tandale. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia harakaharaka, akauliza: "Mwanangu, huyo mzee wako alikuwa anafuga kuku wa mayai au wa nyama?"

Bi Tatu, nyuma ya kioo, akashika mbavu. Mie nilitamani ardhi ipasuke. Neno hilo nimelitangaza mwezi mzima na sijalieleza hata siku moja. Nilikuwa naringa tu, basi.

Nikaanza upya. Fuga, mama, ni muziki: sauti moja inatangulia, ya pili inaingia nyuma yake na wimbo uleule, kisha ya tatu, zinafuatana bila kugongana. Nikampigia kipande. Alisikiliza mpaka mwisho, na kuku wake nao nawasikia wakilalamika.

"Kumbe! Si kama vifaranga na mama yao?"

Ndivyo hasa. Mie nimehangaika na kamusi, yeye kamaliza kwa pumzi moja. Baada yake akapiga fundi cherehani wa Mbagala, kisha mwalimu wa kwaya, tukavuka muda na taarifa ya habari ikachelewa. Bi Tatu akaingia studio akifuta machozi ya kicheko: "Endelea. Ila punguza maringo."

Yule mama, kabla hajakata, alitaka kujua kesho namletea mzee gani. Wiki nzima nimeomba apige mtu mmoja tu. Kapiga, na kesho ananisubiri.