Miwani Niliyomfichia Fundi Mwenzangu

Mpendwa mshauri, jambo hili limenikaa rohoni wiki ya tatu sasa, mke wangu akiuliza mbona sili namwambia ni tumbo. Sisi ni mafundi wanne kwenye karakana ya mageti, mimi ndiye mkubwa wao, na mwenzetu mmoja tulimpa jina la Daktari kwa sababu hashiki mashine ya kukata chuma bila miwani ya kazi, nasi tunamcheka, maana bosi humsifu anayemaliza haraka na miwani tunaiona ya waoga, basi siku moja nikaificha kwenye ndoo ya misumari, utani tu mshauri, akaitafuta wee, mteja akaanza kupiga kelele, bosi akasema, "Fanya kazi, macho si unayo?" Akakata hivyo hivyo, kipande cha chuma kikamwingia jicho la kushoto. Hospitali walikitoa lakini jicho halioni tena. Bosi anasema ni uzembe wake mwenyewe, na mimi niliitikia kwa kichwa. Jumatatu anarudi kazini, na jana kanipigia simu: "Kaka, nitafutie ile miwani yangu, wewe ndiye ninayekuamini pale." Je, niirudishe kimyakimya kwenye rafu yake?

Fundi Mkubwa

*

Fundi, barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikitumaini nilikosea kusoma. Pole kwa tumbo.

Hapana, usiirudishe kimyakimya. Utani ni ule mnaoucheka wote wawili. Najua hukukusudia, na bosi wako naye ana lake la kujibu, ila yeye hajaniandikia. Kabla ya Jumatatu nenda nyumbani kwa mwenzako, mchana, mkewe akiwepo. Usianze na "unajua utani wetu". Anza na "ni mimi". Kisha mwambie bosi mbele ya mafundi wote, ili hilo neno uzembe limtoke mwenzako. Na miwani uvae wewe kwanza. Wanakuiga, ndiyo maana walicheka. Mteja akipiga kelele mwache apige, sijasikia aliyelazwa kwa kelele.

Huenda mwenzako akakufukuza kwake. Ondoka bila kujibu. Lakini siku yake ya kliniki uwe mlangoni asubuhi, umvushe barabara. Magari yanayotokea kushoto yeye hayaoni.