Kiti cha Mtoto Kilikaguliwa Kwenye Gari la Jirani

Mpendwa Mama Nangila, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi maana nimefanya jambo la kijinga na sijui nitalisemaje. Nina mtoto wa miezi mitano, Zuhair, na wifi yangu alitununulia kiti cha mtoto cha kufunga garini, na kliniki nilikojifungulia ina muuguzi anaitwa Okidi ambaye hukagua viti hivyo kwa simu ya video, wewe unashika simu yeye anakuelekeza, basi nikampigia, na alipoona tu gari letu akasema, "Mama, hiyo kavera toa kwanza, kiti inateleza juu yake," kwa sababu mume wangu Abdulghani hajaondoa zile plastiki ambazo viti vya gari vilikuja nazo, mwaka wa pili huu, na nilipomwambia akanijibu, "Gari bado mpya, huyo mutu ya simu ndiyo alininunulia?" Nikaogopa ugomvi, kesho yake nikaenda kwa jirani yangu Shamsia, nikafunga kiti kwenye gari lake lisilo na plastiki, nikampigia Okidi tena, hakugundua kwamba gari ni lingine, akakagua kila mkanda akasema, "Sasa iko sawa, mama," na sasa Abdulghani anawaambia watu msikitini kwamba kiti chetu kimepitishwa na mtaalamu, nami nikikisukuma kwenye gari letu kinacheza, na Jumamosi tunampeleka Zuhair Jinja kwa mama mkwe ambaye hajawahi kumwona, nifanyeje, nikisema ukweli Abdulghani ataniita mwongo.

Munirah, Old Kampala

Munirah mwanangu, atakuita mwongo kwa sababu umesema uongo. Limeze hilo, tuzungumze juu ya mtoto. Nakuhurumia, kuishi na mwanamume anayetunza gari kama bibi harusi kunachosha. Lakini Okidi alikagua gari la Shamsia, na Zuhair hapandi gari la Shamsia. Mume wako ataendesha bila wasiwasi kwa sababu wewe ulimtoa wasiwasi. Akikanyaga breki ghafla nyuma ya lori, kiti kitaondoka na mtoto ndani yake.

Mwambie leo, akishamaliza kula, kwa mdomo wako: nilimdanganya Okidi, nikakudanganya na wewe, kiti hakikai. Usimtume Shamsia. Kisha mpigie Okidi, umwombe radhi, na safari hii simu aishike Abdulghani mwenyewe, aelekezwe yeye. Kavera ya kiti cha nyuma itoke. Za mbele abaki nazo kama anazipenda sana. Mtoto akae nyuma, uso wake ukielekea nyuma ya gari. Shika kiti pale mkanda unapopita, ukivute kwa nguvu, na kikisogea zaidi ya upana wa kidole gumba, bado hamjamaliza.

Akikataa, usibishane naye. Jumamosi mteremshe Zuhair, nawe uteremke. Abdulghani afike Jinja peke yake, na mama yake akimuuliza mjukuu yuko wapi, ajibu mwenyewe.